Upepo wa Mungu, mlango wa mtu: skuli ya kaiti imefunga kabla ya tarehe, pesa yangu naidai vipi?

SWALI: "Asalaam alaykum mwalimu. Mie nakaa Pemba, kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara kubwa juu ya maji umesimama kwenye ubao, nilianza kujifunza mwaka jana Paje, nimefika hatua ya kusimama juu ya ubao lakini kwenda joshi, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka, bado siwezi. Mwezi wa kumi na mbili niliona tangazo la skuli moja, wameandika msimu mpaka 31 Machi, nikalipa laki tatu na nusu kishika nafasi cha kozi ya siku tatu, tarehe 26 mpaka 28. Nikaomba likizo kazini, nikapanda boti Mkoani, nikashuka Unguja nikapanda daladala mpaka Paje. Kufika mlango una kufuli, boti yao imepandishwa mchangani, na kibao cha nje bado kinasema 31 Machi. Mlinzi ananambia 'wamefunga tangu wiki ilopita, kwani hukuambiwa?' Simu haipokelewi, wasap tiki za buluu lakini kimya. Na upepo ulikuwepo, minazi inainama nimeiona kwa macho yangu! Siku ya pili kijana mmoja wa ufukweni akanikodisha kaiti yake, dakika kumi tu nikaburutwa mchangani na bega linauma mpaka leo nikinyanyua mkono. Je nimeibiwa? Wana haki ya kufunga au ni uvivu tu? Nidai pesa au nisubiri msimu wa upepo wa kusi?"

Waalaykum salaam dada yangu. Pole ya safari, pole ya pesa, na pole zaidi ya bega, na nalo ndo naanza nalo mana pesa inaweza kusubiri. Kama huwezi kuupeleka mkono juu ya kichwa, kama vidole vinakufa ganzi, kama usiku maumivu yanakuamsha, au ukijitazama kwenye kioo unaona bega moja limekaa chini kuliko jengine, usingoje tena, nenda hospitali ya Abdalla Mzee hapo Mkoani au ya Chake, ukapigwe picha na daktari aushike huo mkono. Na tafadhali usianze kwa mkandaji. Mie mwenyewe nimekandwa sana na nawaheshimu wakandaji, lakini bega lilovutwa na kaiti huwezi kujua kwa nje kama ni msuli tu au kuna kitu kimechomoka au kimepasuka, na likikandwa kabla halijatazamwa unaweza kulifanya la wiki mbili likawa la miezi sita. Picha kwanza.

Sasa tuje kwenye hasira yako. Nimeisoma mara mbili na nnavoona umezichanganya hasira mbili kwenye kapu moja, ya kwanza ni kwamba wamefunga na ya pili ni kwamba hawakukwambia. Ya kwanza ntakuvunja moyo kidogo, kwa sababu nnadhani walikuwa sahihi kufunga. Ya pili uko sahihi wewe mia kwa mia.

Nianze na minazi. Upepo uliouona ulikuwepo, sikukatalii, lakini upepo kuwepo na msimu kuwepo ni vitu viwili mbalimbali. Kaskazi yetu unaijua, inaingia Disemba, Januari na Februari iko kwenye nguvu zake, inakuja kutoka kaskazi mashariki, upande wa Michamvi, ukisimama Paje unatazama bahari inakupiga bega la kushoto na inakusukuma kidogo kuelekea pwani, ndo mana mwanafunzi akipotea basi mwisho wake anatua ufukweni mbele ya hoteli ya jirani, anarudi kwa miguu amebeba ubao, aibu tu lakini salama. Kwanini inavuma hivo kila mwaka? Miezi ile bara la Asia lina baridi, hewa yake inakuwa nzito, inakaa chini na inasukumika kuja kwetu kusini ambako ni joto. Ni kama chumba chenye baridi ukikifungulia mlango unaoelekea jikoni. Jua likishavuka ikweta kwenda kaskazi, yaani baada ya tarehe 20, 21 Machi, Asia inaanza kupata joto na ile nguvu ya kusukuma inalegea. Huku kusini nako kusi inaanza kujikusanya. Pale pepo mbili zinapokutana hewa inapanda juu, mawingu yanajaa na mvua inashuka, na huo mkanda unapita juu ya vichwa vyetu ukielekea kaskazi, ndo masika yenyewe hayo, Machi mpaka Mei, na Aprili ndo bomba limefunguliwa kabisa.

Wazee wetu hawakuhitaji ramani ya setilaiti kulijua hilo. Mzee wangu alikuwa mvuvi, kipindi hichi akikiita tanga mbili, wengine wanasema maleleji, yaani upepo hauna mwenyewe, asubuhi unatoka huku mchana unatoka kule, na chombo cha tanga kikiwa na nahodha mwenye akili kinakaa bandarini kinapakwa deheni. Msimu kwao haukuwa tarehe. Neno lenyewe tumelichukua kwenye Kiarabu, maana yake majira, na mabaharia wakilitumia kwa hizo hizo nyakati za pepo za kusafiria, na hakuna nahodha alokuwa anaweza kukwambia "kaskazi inaisha 31 Machi saa kumi na mbili jioni". Kuna mwaka inakufa tarehe 10, kuna mwaka inajikokota mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo alokuandikia 31 Machi kwenye tangazo alikuwa anauza kitu asichokimiliki. Hilo lishike tutalirudia.

Jengine ambalo ntakuomba ulikumbuke: minazi iliinama saa ngapi, na kwa muda gani? Kwenye masika upepo wa hatari ndo huo huo unaopendeza kwa macho. Nikupe mfano nilouona, nilikuwa nafundisha mwenyewe, mwisho wa Machi, mwanafunzi mzuri tu wa hatua yako, kaiti ya mita 12 za mraba kwa sababu upepo ulikuwa mdogo, noti (kipimo cha kasi ya upepo) kumi na mbili hivi. Mara ukakata. Kimya kabisa, kaiti ikaanza kushuka kama shuka ilolowa. Nikatazama upande wa Michamvi nikaona wingu limeshuka mpaka chini, jeusi, na chini yake maji yamebadilika rangi yamekuwa meupe meupe. Nikamwambia achia, vuta kile kifungo chekundu cha kuiachia kaiti, yeye anacheka anadhani upepo umekwisha kwahiyo haraka ya nini. Haikufika dakika mbili tangu upepo ukate, ukaja wa noti thelathini na mvua ya kuchoma uso. Alhamdulillahi nilikuwa karibu nikakivuta kifungo mimi. Na hapa kuna hesabu ndogo ambayo kila anaecheza kaiti aijue, upepo ukizidi mara mbili nguvu ya kaiti haizidi mara mbili, inazidi mara nne, sasa kaiti ya mita 12 ilokuwa inakubembeleza kwenye noti kumi na tano (kama kilomita 28 kwa saa) ikikutana na thelathini haikuburuti tu, inakunyanyua. Wewe uliburutwa kwenye mchanga ukaumia bega. Naomba usinielewe vibaya, lakini umepata bahati.

Na asubuhi za masika kuna umande, upepo mwanana unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Kwa mvuvi wa ngalawa ni neema, unamtoa bila kupiga kasia. Kwa mwanafunzi wa kaiti ambae hawezi kwenda joshi ni kinyume chake, unamtoa nje kuelekea mwambani na hawezi kurudi, hapo kinachomrudisha ni boti tu. Na boti unasema ilikuwa juu mchangani. Sasa ile nayo watu wengi wanaielewa vibaya, wanaona boti imepandishwa wanasema wavivu hawa, lakini boti ilokaa majini tangu Disemba chini yake imeota chaza na majani, inahitaji kukwanguliwa na kupakwa rangi, mashine inahitaji kufunguliwa, na wakati wa kufanya kazi hiyo ni huo huo wa masika mana kusi ikiingia mwezi wa sita hakuna tena nafasi. Skuli isokuwa na boti majini isikufundishe, hata kama mlango uko wazi na mwalimu anatabasamu.

Kuna kitu chengine cha mwisho wa Machi ambacho hata baadhi ya walimu vijana hawakijui, nacho ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Jua likiwa linavuka ikweta, Machi na tena Septemba, bamvua zake zinakuwa kubwa kuliko za mwaka mzima. Siku hizo huku kwetu maji yanakupwa kwenye saa tatu saa nne asubuhi, yanakwenda mbali mpaka akinamama wa mwani wanaonekana kama vijiti, halafu alasiri saa tisa saa kumi yanajaa mpaka yanapiga ukuta wa hoteli. Sasa fikiria, asubuhi huna maji ya kutosha, alasiri unayo maji lakini huna mchanga wa kurushia kaiti, kamba zinalala juu ya mawe na miavuli ya watu. Unabaki na saa moja na nusu, mbili katikati, na ndani ya hizo uombe wingu lisije. Kozi ya siku tatu hapo inakuwa ya siku moja.

Nisiwe mnafiki lakini, sababu nyengine ni pesa. Kwenye wiki ya mwisho wageni ni watatu wanne, mwalimu analipwa, mlinzi analipwa, petroli ya boti inaungua, na mkataba wa walimu wengi unakwisha na msimu, wengine wanarudi makwao Bara wengine Ulaya. 2024 na 2025 tena Ramadhani iliangukia Machi, vijana wamefunga, jua kali, kila mtu anaifikiria Idi nyumbani kwao. Mwenye biashara anapiga hesabu anaona bora afunge. Ni haki yake. Kuna mgeni mmoja wa Austria nilimfundisha, akanambia kwao ni hivo hivo kwenye milima ya theluji, mwezi wa nne theluji bado ipo unaiona nyeupe, umelipia tiketi ya wiki, unafika zile nyaya za kupandishia watu mlimani nusu yake zimesimama, mana wafanyakazi wa msimu wamemaliza mikataba yao na mchana theluji imelainika inaweza kuporomoka, na karatasi ya ratiba bado inasema ziko wazi. Alikuwa na hasira kama zako. Nilicheka, nikamwambia kumbe ufukwe na mlima ni ndugu.

Basi hapo ndo tunafika kwenye hasira yako ya pili, ya haki. Upepo ni wa Mungu, skuli haiwezi kukuahidi, na ndo mana risiti nyingi zimeandikwa kwamba upepo usipovuma pesa hairudi au unapewa siku nyengine. Sharti hilo mimi nalikubali. Lakini mlango ni wa mtu. Kufuli lile alilifunga mtu, kwa mkono wake, siku alojua, na jina lako na namba yako viko kwenye daftari lake. Asikimbilie kwenye kile kifungu cha upepo, kifungu kile kinahusu upepo kukosekana huku wao wapo, wamekaa ufukweni na wewe mnautazama. Wao hawakuwepo. Kwa hiyo laki tatu na nusu yako inadaika yote. Watu wanaopewa bei ya wenyeji huwa wanadhani kwa kuwa wamelipa kidogo na sauti yao iwe ndogo, hapana, bei ndogo ulopewa haipunguzi deni.

Je umeibiwa? Mimi sitalitumia neno hilo bado. Mwizi hasubiri miezi mitatu na mlango wenye jina. Hii zaidi inanuka uzembe, bosi kasema "wajulisheni waloweka nafasi", meneja kamwachia kijana wa mapokezi, kijana wa mapokezi mkataba wake umekwisha Ijumaa akaondoka na simu ya ofisi iko kwenye droo. Najua kwa sababu nshafanya. Mwaka mmoja nilifunga mapema siku tisa, nikaandika kwenye kurasa yetu ya Instagram nikaona nimemaliza, kumbe mtu na mkewe walotoka Arusha hawana habari na Instagram, wakaja na mabegi yao wakanikuta nimevaa msuli napaka rangi boti. Nilirudisha pesa, nikawalipia na usiku mmoja wa chumba, na ile sura ya yule mama sijaisahau. Kutangaza kwa watu wote si kumwambia mtu alolipa, hii niliijifunza siku ile. Lakini zile tiki za buluu bila jibu, hizo zinanitia wasiwasi, mana hapo mtu kasoma na kanyamaza kwa makusudi. Uzembe unageuka dhulma hapo hapo.

Ufanye nini? Kusanya kwanza: muamala wa simu, skrinshoti ya tangazo lenye 31 Machi, mazungumzo yote ya wasap, tiketi ya boti, na kama ulipiga picha ya kufuli na kile kibao basi iweke vizuri. Halafu andika ujumbe mmoja wa heshima wenye tarehe ya mwisho, siku kumi na nne zinatosha. Usiandike matusi, wala usianze na kuwachafua mitandaoni, siyo kwamba hustahili, ni kwamba ukishamuaibisha mtu hana tena sababu ya kukulipa. Wakinyamaza, tafuta njia ya kufika au kumtuma ndugu aliye Unguja, azungumze na meneja au mwenye skuli na si mlinzi, na kwa vijiji vyetu vya shamba kumpitia sheha, kiongozi wa serikali wa hapo mtaani, si jambo dogo, biashara nyingi zinamuogopa sheha kuliko wakili. Ikishindikana hapo kuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo kulinda mtumiaji ni kazi yake, na kuna Kamisheni ya Utalii ambako biashara kama hizi zinachukua leseni. Huko nenda wewe mwenyewe na karatasi zako, uzungumze na mtu, usitegemee kupiga simu. Nauli ya boti na siku zako za likizo pia unaweza kuzitaja, lakini nikwambie ukweli hizo ni ngumu kuzipata, zitaje wajue uzito wa jambo lenyewe ila usizifanye sharti.

Pesa au kusi? Kama wanajibu vizuri, wanaomba radhi na wanakupa maandishi, kusi si mbaya hata kidogo kwako. Inaanza kukaa sawa mwezi wa sita mpaka wa tisa, inavuma imara kuliko kaskazi, haikatikatiki, na kwenda joshi kunataka upepo usiokatika, mwanafunzi alohangaika wiki nzima Februari namuona Julai anapanda siku ya pili. Ubaya wake Julai na Agosti ufukwe umejaa, kaiti juu ya kaiti, vyumba ghali, na kwa bega ambalo halijapona upepo wa nguvu si rafiki. Ningekuwa wewe ningeomba Septemba mwanzoni, au mwishoni mwa Juni kama daktari kakuruhusu. Lakini kama mpaka leo hawajajibu hata salamu, chukua pesa, mana anaekunyamazia kwa laki tatu na nusu atakunyamazia na siku ambayo uko nje kwenye mwamba unapunga mkono.

Yule kijana wa ufukweni simlaumu sana, anatafuta riziki kama papasi wengine, hawa vijana wanaowazungukia wageni, lakini kukodisha kaiti bila boti, bila kukuuliza umefika hatua gani, kwa mtu alotoka nayo mara ya mwisho mwaka jana, hapana, usirudie. Na akija kukudai ati umemchania kaiti, usilipe kitu mpaka uione hiyo kaiti imetandikwa chini mbele yako na fundi.

Safari ijayo usiulize "mko wazi?" mana kila mtu atakujibu ndio. Uliza "boti iko majini au iko mchangani?" na "mwalimu wangu ni nani, nipe jina lake", na siku mbili kabla ya kupanda boti Mkoani waombe klipu ya ufukwe ya siku hiyo hiyo. Anaekataa kurikodi sekunde kumi za bahari ana la kuficha. Na wiki ya mwisho ya msimu wowote, ya kaskazi au ya kusi, waachie wenye kaiti zao na shingo zao.

Ujumbe wenyewe nimekuandikia, badilisha utakavyo: "Asalaam alaykum. Nililipa 350,000 kwa kozi ya tarehe 26 mpaka 28 Machi. Nilifika, mmefunga, sikujulishwa, na tangazo lenu linasema 31 Machi. Naomba nirejeshewe pesa yangu yote ndani ya siku 14, au kama mnapendekeza tarehe nyengine niandikieni hapa tuikubaliane. Nimehifadhi risiti na picha." Utume saa tatu asubuhi, bosi akiwa kwenye chai yake na simu iko mkononi, usitume usiku.